Wanafunzi wa udaktari wakija filidi kijijini kwenu, msiwaache waondoke hivi hivi

Niko kwenye kamati ya zahanati ya kijiji chetu huku Kongwa, Dodoma, kwahiyo hili naliongea kwa kuliona. Wanafunzi wa udaktari wanakuja na dodoso, wanapita kaya kwa kaya, choo kikoje, maji mnachota wapi, mama ulijifungulia wapi, wanapiga picha na mwenyekiti alafu wanapanda gari wameenda. Mwakani wanakuja wengine na maswali yale yale, na mama aliyejibu mwanzo ananiuliza majibu yangu yalienda wapi, sina cha kumwambia.

Vijana wenyewe siwalaumu, wanafanya walichotumwa. Ila viongozi wenzangu mjue kwamba Shirika la Afya Duniani lilishaandika tangu 1995 kuwa chuo cha udaktari kina wajibu wa kuelekeza mafunzo, utafiti na huduma zake kwenye matatizo ya afya yanayoisumbua zaidi jamii kinayoihudumia, na hayo matatizo yanatajwa kwa pamoja, serikali, watoa huduma, wataalam na wananchi. Na wananchi ndo sisi. Kwahiyo ukiwauliza mnatuachia nini usijione unaomba msaada, ni haki yenu kuuliza.

Kuna kundi moja tulikaa na mwalimu wao kabla hawajaanza kuzunguka. Walikuja na mada yao ya presha, sawa, presha ipo, lakini wazee wakasema sisi kinachotumaliza ni macho. Vikope huku ni ugonjwa wa siku nyingi, watafiti wanakuja Kongwa kwa ajili yake tangu miaka ya 80. Mwanafunzi mmoja akakaa na bibi anayefunga kibano kwenye pindo la khanga, kope zimegeukia ndani zinakwaruza jicho kila akipepesa, kwahiyo anazing'oa mwenyewe. Yule kijana vimelea vya vikope alikuwa anavijua vizuri tu, kuwa mtoto akiambukizwa mara kwa mara kigubiko cha jicho kinapata makovu na ukubwani kope zinapinda. Ila bibi ndo alimweleza kuwa maji yanatoka mbali, yakifika ni ya kupika na ya ndama kwanza, uso wa mtoto baadae. Basi somo likabadilika hapo hapo, wakakaa na kina mama wakatengeneza vibuyu chirizi, yaani vidumu vya kuning'iniza vinavyochiriza maji kidogo kidogo, mtoto ananawa uso kwa maji kidogo sana, na bibi jina lake likapelekwa wilayani kwa ajili ya ule upasuaji mdogo wa kope. Alafu wakarudi kutoa mrejesho kwenye mkutano wa kijiji!

Mnakumbuka 2016, watu wa Dodoma na Manyara walivyokuwa wanaumwa macho yanakuwa manjano, tumbo linajaa, wengine wakafariki, kumbe ni sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi. Daktari anayesomea kanda hii asiyejua tunaanika wapi mahindi na tunayahifadhi vipi, mgonjwa kama huyo atamuuliza nini?

Ushauri wangu, barua ya filidi ikifika kwa mtendaji, kamati ikae na mwalimu wao kabla dodoso halijafika kwa mtu, mtaje yanayowasumbua na yaandikwe kwenye muhtasari. Tarehe ya mrejesho ipangwe siku hiyo hiyo, na uwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu, sio slaidi za chuoni, na nakala ya ripoti ibaki zahanati. Ombeni pia wananchi wawe na sauti kwenye maksi za hao vijana, maana nani alisalimia, nani alisikiliza, sisi ndo tunajua. Na mkikutana na wakubwa wa chuo waulizeni wanafanya nini watoto wa sekondari zetu za kata wafike kwenye udaktari, kwasababu aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukubali kurudi kufanya kazi kijijini.

Wakisema ratiba hairuhusu, andikeni barua chuoni, mkuu wa kitivo aisome, na nakala iende kwa mganga mkuu wa wilaya.