Maswali ya Wasomaji: Pini Zimeingia, Mbona Haiwaki?

Korosho zikishalipwa huku kusini, maswali ya safu hii yanabadilika. Wale waliokuwa wanauliza simu ipi ina betri nzuri wanaanza kuuliza habari za kujenga desktopu, na mwezi huu waliotuandikia kutoka Mtwara na Lindi karibu wote wana ugonjwa mmoja, kifaa kimeingia mahali pake vizuri kabisa, au muuzaji ameapa kitaingia, halafu kazi hakifanyi. Nimechukua manne, na la kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu mwenye nalo bado hajamaliza kutoa hela.

Fundi shikamoo. Mimi nina steshenari ndogo hapa Masasi, nataka kujenga kompyuta yangu mwenyewe ya kuchapa, kuskani na picha za pasipoti. Mdogo wangu yuko Dar kaninunulia prosesa Core i5-9400F. Hapa kuna kaka ananiuzia mazabodi H110 ya mtumba, anasema soketi ni ileile 1151 na pini zitaingia. Ramu ninazo mbili za DDR4 nilizitoa kwenye laptopu iliyokufa kioo. Nilipie?

Marahaba mwanangu, na usilipe. Kama umeshaacha advansi kaidai leo kabla haijaliwa.

Huyo kaka kwenye soketi, yaani kile kitako cha mazabodi (ubao mkuu) ambapo prosesa (ubongo wa kompyuta) inakaa, hajakudanganya, ni 1151 kweli na prosesa yako itakaa pale bila kulazimishwa. Shida ni kwamba mwaka 2017 Intel walipotoa kizazi cha 8 waliacha jina lilelile la soketi wakabadilisha kazi za baadhi ya pini, kwa hiyo mazabodi za zamani kama H110, B150, B250 na Z270 ni za kizazi cha 6 na cha 7 tu, na kizazi cha 8 na cha 9 kinataka H310, B360, B365, Z390 na ndugu zake. Ufunguo unaingia kwenye kitasa ila hauzunguki. i5-9400F ni kizazi cha 9, ukiipachika kwenye H110 unaweza kuona feni inazunguka ukafurahi, picha hutoiona.

Halafu ona hiyo herufi F mwishoni. Kwenye prosesa za Intel F maana yake haina grafiki ndani, ile sehemu ya kutoa picha kwenye monita, yaani hata ukipata mazabodi sahihi, ukachomeka monita kwenye tundu la HDMI la mazabodi utaangalia kioo cheusi mpaka ununue kadi ya grafiki, na kwa pasipoti saizi na barua za kijiji kadi ya nini sasa? Na hizo ramu za laptopu ni fupi, zina pini 260 wakati ya desktopu ya DDR4 ina 288, hazina pa kukaa. Ziuze tu kwa mwenye laptopu.

Kwa hiyo ufanyeje. Kama duka la Dar linakubali kubadilisha, mwambie mdogo wako arudishe hiyo F achukue i5-9400 ya kawaida au hata i3-9100, halafu utafute mazabodi ya H310 au B365. Itafanya kazi. Lakini mimi ningekuwa wewe ningeachana na 1151 kabisa maana mazabodi zake sasa ni mtumba juu ya mtumba, hujui imepita mikono mingapi wala nani aliichomelea. Ningechukua i3-12100 na mazabodi ya H610, soketi ni 1700, grafiki iko ndani, kwa steshenari inatosha na kubaki. Hapo angalia kitu kimoja tu, mazabodi za 1700 ziko za DDR4 na ziko za DDR5, hivyo ni vizazi viwili vya ramu, na mwanya wa kwenye ramu haukai sehemu moja kwa hiyo haziingiliani, soma imeandikwa nini kwenye boksi ndo ununue ramu. Ukiipenda AMD basi Ryzen 5 5600G na mazabodi ya B450 au B550, hiyo G ndo inayokuambia ina grafiki. Ila B450 ni ya zamani kuliko 5600G iliyotoka 2021, ikiwa imekaa dukani na bayosi ya zamani, ile programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, haitaitambua, muulize muuzaji ameapudeti? Asipoelewa swali nenda duka la pili. Na usije ukachanganya AM4, ndo soketi ya hizo nilizokutajia, na AM5, hiyo AM5 iliyotoka 2022 ni DDR5 peke yake.

Kuna njia moja ya kujihakikishia yote haya bila kumtegemea mtu. Jina kamili la mazabodi limechapwa kwenye bodi yenyewe, liandike herufi kwa herufi, ingia kwenye saiti ya kampuni iliyoitengeneza, tafuta orodha ya prosesa inazozikubali. Kila prosesa iko pale na toleo la bayosi inalolitaka. Prosesa yako ikiwa haipo usinunue, hata muuzaji akuapie kwa jina la mama yake.

Sababu nyingine ya kukimbia kizazi cha 6 na cha 7 ni kwamba Microsoft walisimamisha sapoti ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8 au Ryzen kuanzia 2000. Vya bei ya kutupwa unavyoviona mtaani vingi vinatupwa kwa hilo.

Mzigo ukitoka Kariakoo mwambie mdogo wako aiwashe palepale dukani aione picha kwa macho yake, apige video. Mazabodi ije kwenye kimfuko chake cha kuzuia umeme tuli, na kama ana feni lile kubwa zito la prosesa alifungue lije peke yake, basi la Kusini linavyoruka matuta unalijua na lile dubwana likining'inia njia nzima linaweza kuipinda bodi.

Kaka habari, mimi niko Lindi mjini na-edit video za harusi. Mashine yangu ni Ryzen 5 5600, nikaongeza kadi ya RTX 3060, sasa kila nikianza kurenda, yaani kuitoa video ikiwa kamili, inazima yenyewe kama umeme umekatika wakati taa zinawaka. Pawasaplai imeandikwa wati 500 na ilikuja na keisi. Kadi ilikosa waya wake nikaunganisha na adapta. Fundi mmoja anasema ni joto.

Joto linaweza kuzima mashine kweli, ila kwa maelezo yako mi namshuku huyo aliyekuja bure na keisi, pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine. Zima, funua, soma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawasaplai, wala usiangalie hilo 500 lililoandikwa kwa maandishi makubwa, angalia mstari wa +12V, maana prosesa na kadi vyote vinakula hapo. Zidisha 12 kwa ampea. Pawasaplai za namna hiyo unakuta imeandikwa ampea 18, sasa 12 mara 18 ni wati 216. Kadi yako peke yake inakula 170, prosesa ikikaza inakaribia 76, jumla 246 hata diski na feni hujavigusa. Unaona hesabu inavyogoma, tena hiyo ni karatasi tu, bado hatujajua kama kinachosemwa kwenye karatasi kipo kweli ndani.

Na hiyo adapta itoe leo. Tundu la pini 8 la kadi limepangiwa wati 150, wewe unalilisha kwa kiwaya chembamba kilichotengenezwa kwa ajili ya hadidiski, kitayeyuka siku una harusi ya mtu ndani ya mashine. Nunua ya wati 550 au 600 yenye ampea 40 na kuendelea kwenye 12V, yenye waya wake wenyewe wa kadi. Ikiwa ni ya waya za kuchomoa, tumia waya zilizokuja nayo tu, usichukue za pawasaplai nyingine hata kama tundu linafanana, maana upande ule wa pawasaplai kila kampuni inapanga pini kivyake, watu wameunguza diski zote kwa siku moja kwa kosa hilo.

UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, pia usinunue kwa kuangalia VA, angalia wati. Ya VA 650 nyingi hazifiki wati 400, na wewe una monita juu yake. Na kwa sababu uko pwani, usiiweke mashine dirishani pa upepo wa bahari, chumvi inakula taratibu ile mistari ya dhahabu ya ramu inayoingia kwenye sloti. Siku ikigoma kuwaka bila sababu toa ramu, sugua zile dhahabu zake kwa ufutio safi wa penseli, pangusa mabaki, rudisha. Inatibu nyingi kuliko unavyodhani.

Fundi mambo, niko Mikindani. Mjomba kanipa Dell OptiPlex 9020 ile nyembamba, nataka niweke kadi kubwa ya gemu na pawasaplai kubwa. Inawezekana?

Poa mdogo wangu. Mshukuru mjomba kwanza, halafu shusha matarajio. Keisi hiyo kadi ndefu haiingii, pawasaplai yake ni wati 255 na wala sio ya saizi ya kawaida, na mazabodi ya Dell inatumia kichwa cha pini 8 badala ya 24 zilizozoeleka kwa hiyo ya dukani hutaichomeka hivihivi. Unachoweza ni kadi fupi isiyotaka waya, inayokula umeme wa kwenye sloti tu usiozidi wati 75, mfano GTX 1650 ile fupi, na uhakikishe inakuja na kile kibati kifupi cha nyuma. Gemu za mpira utacheza vizuri tu. Ukitaka zaidi ya hapo weka akiba ujenge nyingine, usiichane keisi ya mjomba kwa msumeno, nimeona watu wanafanya.

Nachingwea hapa. Nimenunua SSD ya M.2 aina ya NVMe, imeingia kwenye mazabodi fresh kabisa ila kompyuta haiioni.

M.2 ni umbo tu la diski, NVMe na SATA ndo njia mbili tofauti za diski kuongea na mazabodi. Kuna matundu ya M.2 yanayosoma SATA peke yake, kuna ya NVMe peke yake, kuna yanayosoma zote. Angalia kitabu cha mazabodi, kama tundu lako ni la SATA basi ibadilishe dukani kabla hujachana stika. Kama lina NVMe, ingia bayosi uone kama tundu halijazimwa, maana kwenye baadhi ya mazabodi tundu la M.2 na tundu fulani la SATA havitumiki kwa pamoja, kitabu kitakuambia. Na ukienda kubadilisha omba hukohuko kiskrubu kidogo cha kuibania, mazabodi za mtumba karibu zote kinakuwa kimeshapotea na watu wanaibana kwa gundi.