Bach na chombo kimoja: majibu ya maswali yenu

Nikisikiliza tungo za fidla za Bach, yule mtunzi wa Ujerumani, zikipigwa na fidla peke yake, mbona nasikia kama wapigaji wawili?

Sikio lako halijakosea. Uta unaweza kugusa nyuzi mbili kwa pamoja, kwa hiyo mahali pengine sauti ni mbili kweli. Ila ufundi mkubwa uko kwingine. Bach anagusa noti ya chini, anaiacha, anapanda na wimbo, kisha anarudi chini kabla hujaisahau ile ya kwanza. Besi unaishikilia wewe, kichwani mwako. Wanakwaya wataelewa upesi: ni kama mtu mmoja aimbe sauti ya kwanza huku akikudokezea ya nne, nawe ukaimalizia kimoyomoyo. Watunzi waliomfuata wamekuwa wakiisaka siri hiyohiyo.

Tungo hizi ni za lini?

Nakala ya tungo za fidla pekee aliyoiandika kwa mkono wake ina mwaka 1720. Alikuwa Köthen, Ujerumani, kwa mtawala Leopold, ambaye ibada zake za Kikalvini hazikuhitaji muziki mwingi, hivyo ala zikapata nafasi. Zipo pia za chelo, ile ala kubwa yenye sauti nzito kuliko fidla: suiti 6, yaani mafungu ya vipande vya mtindo wa dansi. Nakala yake mwenyewe ya hizo imepotea. Tunazo kupitia nakala za wengine, hasa ya mkewe wa pili, Anna Magdalena.

Ni kweli Chakoni, kile kipande kirefu kati ya tungo za fidla, ilikuwa maombolezo ya mke wake wa kwanza?

Maria Barbara alifariki Julai 1720, Bach akiwa safarini, akarudi na kukuta ameshazikwa. Lakini hakuna andiko lake linalounganisha msiba huo na Chakoni. Uchungu uliomo unasikika hata bila kisa hicho.

Nani hasa walijifunza kwake?

Wengi, na si wote walimwelewa. Mendelssohn na Schumann, watunzi wa karne ya 19, waliongezea piano chini ya fidla. Nawaheshimu wote wawili, lakini naona walijaza pengo ambalo Bach alimwachia msikilizaji. Mtunzi Brahms ndiye aliyeshika kiini: alipoihamishia Chakoni kwenye piano, aliiandika kwa mkono wa kushoto pekee, ili mpiga piano naye abanwe kama mpiga fidla. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo. Segovia, mpiga gitaa wa Hispania, aliipiga kwa gitaa Paris mwaka 1935, na hadi leo wapiga gitaa wanaihesabu kuwa yao.

Kisha wakaja waliotunga vya kwao. Ysaÿe, mpiga fidla wa Ubelgiji, baada ya kumsikia mpiga fidla mwenzake Szigeti akipiga tungo za Bach, aliandika sonata 6 za fidla pekee mwaka 1923. Mtunzi Bartók alifuata na yake mwaka 1944, na mtunzi Britten akatunga suiti 3 za chelo kwa ajili ya mpiga chelo Rostropovich.

Na Casals, yule mpiga chelo?

Alizikuta suiti za chelo dukani Barcelona akiwa na miaka 13, wakati wengi walizichukulia kama mazoezi ya vidole. Alizifanyia kazi miaka mingi, akazirekodi kati ya 1936 na 1939. Kila mpiga chelo wa leo anamdai shukrani.

Binti yangu ameanza chelo. Asikilize nini kwanza?

Preludi, yaani kipande cha ufunguzi, ya suiti ya kwanza ya Bach. Mwambie asiukimbilie wimbo wa juu. Baa (vipimo vya mapigo) nne za mwanzo zote zimekaa juu ya noti ileile ya chini, G, inayotoka kwenye uzi usiobonyezwa kidole. Aifuate hiyo tu, na baa ya tano aniambie besi imekwenda wapi.