Kwa nini plasebo hutuliza maumivu lakini haiui vimelea

Ndugu, umeuliza kwa nini plasebo, yaani kidonge kitupu kisicho na dawa, humpa mtu nafuu ya maumivu lakini mbele ya malaria hakifui dafu. Tazama kwanza kinachopimwa. Maumivu, kichefuchefu na sonona hupita kwenye ubongo, na ubongo unaotarajia nafuu hutoa endofini zake wenyewe, yaani kemikali zinazotuliza maumivu kama afyuni. Mwaka 1978 watafiti waliwapa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya afyuni mwilini, watu waliong'olewa meno. Nafuu ya plasebo ikapungua. Vimelea havitarajii chochote.

Umbo la plasebo nalo lina uzito: kwenye maumivu, sindano tupu mara nyingi huizidi tembe tupu.

Ila si kila nafuu ni plasebo. Mtu humeza dawa siku maumivu yamepamba moto, na kesho yake yangepoa hata angekunywa maji tu. Kwa hiyo, ukisoma jaribio, mbali na kundi la dawa na kundi la plasebo, tafuta kundi la tatu lisilopewa kitu. Likikosekana, usiamini haraka kuwa nafuu imeletwa na plasebo.

Na kama unawaza kuacha dawa ujipime, acha. Baadhi ya dawa za sonona, kifafa na presha zikikatwa ghafla hudhuru. Mwone daktari kwanza.