Miduara ya taa usiku baada ya kuwekewa lenzi

Mkuu, umeuliza kwa nini mama, aliyewekewa lenzi ya difraksheni (lenzi bandia ya ndani ya jicho, ya kuonea mbali na karibu) baada ya kutolewa mtoto wa jicho, anaona miduara kwenye taa za magari usiku. Lenzi hiyo ina ngazi ndogo sana za mviringo zinazogawa mwanga kati ya picha mbili, ya vitu vya mbali na ya vitu vya karibu. Ile inayogawa sawasawa hupeleka takriban 41% kwenye picha ya mbali, 41% kwenye ya karibu, na 18% hivi hupotelea kusikohitajika. Anapotazama mbali, mwanga wa picha ya karibu bado upo, umetanda juu ya picha ya mbali kama ukungu. Mchana hauonekani sana. Gizani, taa kali ikimulika, ndipo miduara inajitokeza. Wengi huizoea baada ya miezi kadhaa. Ikizidi, au akiona ukungu hata mchana, mrudishe kwa daktari apimwe.