Hamsini na Saba: kupanda si kazi, kazi ni kushuka

Barabara ya kutoka Chimala, mkoani Mbeya, kwenda Matamba wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Mimi nilianza kuzihesabu nikapotea kwenye ishirini na kitu, maana kila kona inakutaka mzimamzima. Unaiacha lami ya barabara kuu pale Chimala, unaliacha joto la Usangu na mashamba yake ya mpunga, unauparamia mlima kwa vumbi. Huko juu ni baridi, viazi na pareto. Ukizidi kwenda unafika Kitulo, hifadhi ya maua wanayoiita Bustani ya Mungu, karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari.

Watu wengi huniuliza habari za kupanda. Kupanda hakuna makubwa: gia ndogo, honi kabla ya kona, mafuta uwe umejaza chini. Gari likikosa nguvu huko juu usidhani limekufa. Hewa ni nyepesi, injini nayo inahema kama wewe.

Kushuka ndiko kulikonitoa jasho. Ilikuwa Julai, kiangazi, barabara kavu, nami nina gari la otomatiki, magunia matatu ya viazi nyuma na mama mkwe pembeni yangu. Nikaweka D, gia ya mwendo wa kawaida, kama niko mjini, mguu juu ya breki kona baada ya kona. Kabla sijafika nusu nikasikia harufu ya kuungua. Kona iliyofuata, pedeli ikazama. Nikavuta hendibreki huku nikilisogeza gari upande wa mlima, likajikwaruza kwenye udongo, likasimama. Mama mkwe hakusema neno.

Nyuma yetu lilikuwa linakuja lori la viazi, polepole, injini inanguruma. Tanboi aliruka kabla halijasimama, akatupia jiwe chini ya tairi langu. Mimi nikachukua chupa ya maji nipoze breki. Akanishika mkono: chuma cha moto ukikimwagia maji baridi kinaweza kupasuka. Dereva wake, mtu mzima, akachungulia dirishani.

"Kijana, hili gari ulilipandisha kwa gia gani?"

"Ndogo, mzee. Namba moja, mbili."

"Basi lishushie hiyohiyo."

Kwenye otomatiki gia hizo ndogo ni L au 2, injini ndiyo ilizuie gari. Breki unaigusa kabla ya kona, kisha unaiachia ipumue. Ukiikalia muda wote, mafuta ya breki yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo maana pedeli inazama. Na wale wanaotia nyutro wabane mafuta, mimi siwaelewi kabisa. Utaokoa nusu lita, ulipie nini?

Jambo jingine ni kupishana. Desturi ya milimani ni anayepanda apewe njia, lakini ukiwa na gari dogo ukakutana na lori linashuka na mzigo, usibishane nalo. Tafuta palipopanuka, wewe ndiye unayeweza kurudi nyuma.

Tulikaa pale karibu saa nzima mpaka magurudumu yakapoa. Nilipowasha gari, mama mkwe alikuwa tayari amekaa mbele kwenye lori, mkoba mapajani. Nikawafuata kwa L mpaka Chimala.