Maswali Yenu: Bunduki, Begi na Ndege

SWALI: Kijana wangu habari za kazi. Mimi ni mstaafu naishi Kimara, nna shotigani yangu ya halali na leseni nalipia. Nataka niende nayo shambani Sengerema, nguruwe pori wamezidi kwenye mahindi, na basi kwa umri huu siliwezi tena kwahiyo nitapanda ndege mpaka Mwanza. Jirani ananishauri niizungushie blanketi niitie kwenye sanduku la nguo, eti likishaenda kwenye mizigo hakuna atakayejua. Halafu shemeji kaniomba nimbebee baruti kidogo ya gobole lake. Yote haya yanawezekana?
Mzee wa Kimara

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Bunduki inawezekana, baruti haiwezekani, na hilo la blanketi nakuomba sana ulitoe kichwani leo hii hii. Pale uwanja wa Julius Nyerere begi linapita kwenye mashine mlangoni, hata kaunta hujafika, na mtutu kwenye ile mashine unaonekana vizuri tu uwe ndani ya blanketi au ndani ya godoro. Ukishaonekana hivo wewe sio tena mzee mwenye leseni anayekwenda kulinda mahindi, wewe ni mtu aliyeficha silaha kiwanja cha ndege, na kujieleza kutakuwa kugumu hata kama leseni iko mfukoni.

Sasa fanya hivi. Kabla hujalipia tiketi piga simu kampuni ya ndege uwaambie wazi kwamba una bunduki. Kila kampuni ina masharti yake, na kanuni za kimataifa zinataka silaha ikae sehemu ambayo hakuna mtu anayeweza kuifikia ndege ikiwa angani, kwahiyo vile vindege vidogo ambavyo mizigo na abiria wanakaa karibu karibu wanaweza kukukatalia. Bora wakukatalie kwenye simu kuliko ukiwa umeshafika Kipawa na mizigo. Ukitoka hapo nenda polisi, kituo kinachohusika na leseni yako, waeleze unaitoa Dar unaipeleka Mwanza na unarudi lini, na kibali watakachokupa kiwe cha maandishi, maneno ya mdomo ya afande wa Dar hayatakusaidia mbele ya afande wa Mwanza. Hata sheria yetu ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haichezi na mtu anayezunguka na silaha bila makaratasi.

Nyumbani itoe risasi zote, uangalie chemba kwa macho na kwa kidole, kisha mtu mwingine aangalie tena. Iweke kwenye kasha gumu lisilopindika, lifungwe na kufuli, na ufunguo ukae kwako mwenyewe. Risasi zikae kwenye boksi lake la kiwandani au boksi lililotengenezwa kwa ajili yake, sio kwenye soksi wala mfuko wa rambo, na kiwango cha kimataifa ni kilo 5 kwa abiria mmoja, hapo boksi nalo limepimwa. Kama unasafiri na mama, kilo zake na zako haziruhusiwi kuunganishwa kwenye furushi moja. Risasi zenye vichwa vya kulipuka au kuwasha moto hazipandi ndege kabisa. Na baruti ya shemeji pamoja na zile fataki za gobole hazipandi pia, sio mkononi sio kwenye mizigo, maana hiyo ni milipuko na kasha lenye kufuli halibadilishi kitu. Mwambie tu ukweli shemeji ataelewa.

Nataka nikazie jambo moja maana ndilo linalowakamatisha watu wema. Lile koti la shamba, ule mkoba uliobebea risasi mwaka juzi, ile mifuko midogo ya pembeni ya begi: vikung'ute vyote, tena vigeuze nje ndani. Risasi moja tu iliyosahaulika kwenye begi la mkononi inatosha kukushusha kwenye safari na kukulaza kituoni, na askari hawezi kujua kwamba umesahau, yeye anachokiona ni risasi. Kama una begi lingine kabisa ambalo halijawahi kwenda porini basi safiri na hilo.

Siku ya safari wahi kuliko kawaida. Ukifika mlangoni, kabla kasha halijaingia kwenye mashine, mwambie askari kwa sauti ya kawaida kwamba una silaha yenye kibali na haina risasi, umpe makaratasi. Usifungue kasha mwenyewe hapo kwenye foleni, subiri uambiwe wapi. Mwanza ukifika usitegemee tu mkanda wa mizigo, uliza wafanyakazi linatolewa wapi.

SWALI: Kaka mambo, mdogo wangu yuko Texas anasema huko watu wanasafiri na bastola kwenye mabegi kawaida tu. Anakuja Disemba anataka amletee baba bastola zawadi, anapitia Dubai. Nimwambieje?
Dada wa Tegeta

JIBU: Poa dada. Mwambie asilete. Ni kweli Marekani abiria anaweza kuweka bastola kwenye mizigo, iwe haina risasi, ndani ya kasha gumu lenye kufuli na aitaje kaunta. Lakini hiyo ni ruhusa ya kuipandisha ndege, sio ruhusa ya kuitoa nchini kwao kama zawadi, ambayo inataka leseni ya serikali yao. Na huku inataka kibali cha kuingiza kabla haijafika, pamoja na leseni ya baba mwenyewe kwa jina lake. Dubai nako katikati wana utaratibu wao wa kuombwa mapema hata kama begi halitoki nje, na akiwa na tiketi mbili tofauti akalazimika kulichukua begi akalicheki upya, basi hapo keshaingia na bastola nchi ya watu.

Na asidhani ni nchi za nje tu. Mwaka 2005 kuna mkazi wa Utah alikuwa anaelekea Pennsylvania, bastola yake ameitaja vizuri kama sheria inavyotaka, akakosa ndege ya kuunganisha pale Newark, akarudishiwa begi lake akalala nalo hotelini. Asubuhi akarudi kaunta akaitaja tena kwa uaminifu, akakamatwa kwa sheria za New Jersey akawekwa ndani siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa, akafungua kesi ya kudai haki yake na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikamkatalia. Huyo ni Mmarekani ndani ya Marekani yake, sasa mdogo wako na Dubai na Dar? Baba kama anataka silaha na ana sababu aanzie polisi hapa hapa aombe leseni, akipewa atanunua kwa muuzaji mwenye kibali. Huyo mdogo wako amletee saa.

SWALI: Anko shikamoo. Mimi nasoma chuo hapa Mlimani, huwa natembea na ile spreyi ya pilipili sababu narudi hosteli usiku. Naenda nayo nyumbani Bukoba kwa ndege, si sio silaha?
Binti wa Mlimani

JIBU: Marahaba binti yangu. Kwa ndege haiendi, kanuni za IATA, yaani shirika la kimataifa la kampuni za ndege, zinaikataza mkononi na kwenye mizigo pia, ikipasuka au kuvuja ndani ya ndege hewa ni ile ile watu wote wanavuta. Muachie mwenzako wa chumbani, usiisahau tu kwenye mkoba.