Maswali ya wasomaji: msasa wa maji na mikwaruzo ya rangi ya gari

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tabora na Kigoma, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mkwaruzo uliozama kwenye rangi, je, msasa wa maji unautoa? Tumechagua sita.

Nina Toyota IST ya rangi ya fedha. Njia ya kwenda shambani Sikonge ina matawi kila upande, na milango ya kushoto imejaa mistari mirefu. Fundi anasema apige msasa namba 400, amalizie na polishi, yote itatoka. Nimkubalie?
*Msomaji wa Isevya, Tabora*

Usimkubalie. Namba ya msasa ikiwa ndogo, punje zake ni kubwa, na namba 400 ni msasa wa kuandaa mlango unaokwenda kupigwa rangi upya. Punje zake zina ukubwa wa mikroni 35 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na klia yote ya kiwandani (tabaka angavu la juu linaloikinga rangi na kuipa mng'ao) iliyo juu ya mlango wako ni kati ya mikroni 35 na 50. Yaani anataka kupalilia mchicha kwa plau.

Kwanza elewa kazi yenyewe. Msasa hauondoi mkwaruzo. Mkwaruzo ni shimo, na shimo haliondolewi. Unachofanya ni kushusha klia ya pembeni mpaka ilingane na kina cha shimo. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama chini ya mkwaruzo bado kuna klia ya kutosha. Namba ya msasa inafuata baadaye.

Osha mlango vizuri, ukauke, kisha mwagia maji juu ya mstari mmoja. Mstari ukipotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, uko ndani ya klia na una matumaini. Ukiendelea kuonekana hata ukiwa umelowa, umefika kwenye rangi. Halafu pitisha ukucha kwa kukata mstari, taratibu. Ukucha ukiteleza, huenda polishi peke yake inatosha, usiguse msasa. Ukikwama kidogo, hiyo ndiyo kazi ya msasa wa maji. Ukidumbukia na ukaona rangi ya kijivu, nyeupe au bati, acha, soma jibu la nne hapa chini. Mistari ya matawi mara nyingi ni ya aina mbili za mwanzo.

Sasa kazi. Nunua msasa wa maji namba 2000 na 3000, na karatasi moja ya 1500 ya akiba. Kata vipande vya kuenea kwenye kiganja, punguza ncha za pembe kwa mkasi kwa sababu pembe kali ndiyo inayochora, kisha loweka kwa dakika 15 hadi 30. Maji yawe safi, lita tano na matone machache ya sabuni ya vyombo. Kila namba iwe na ndoo yake. Punje moja ya 1500 ikiingia kwenye ndoo ya 3000 itakurudisha mwanzo.

Funga msasa kwenye kipande cha raba ngumu kilichonyooka. Usitumie vidole vitupu: kidole kinabana sehemu tatu nne tu, na baada ya polishi utaona vijifereji vinne vimelala mlangoni. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo za mlango na juu ya mikunjo ya bati, ukiacha kama sentimita moja. Kwenye kingo klia huwa nyembamba kuliko katikati, na ndipo watu wengi wanapotoboa.

Anza na 2000, si 1500. Sugua kwa mistari iliyonyooka, mbele na nyuma, uzito wa mkono tu, maji yakitiririka muda wote. Mikato 10 hadi 15, futa, tazama. Uji unaotoka uwe mweupe kama maji ya kuoshea mchele, maana hiyo ni klia. Sehemu uliyosugua itafifia yote, lakini ndani ya mkwaruzo kutabaki uzi unaong'aa, kwa kuwa msasa haujafika chini. Uzi huo ndio kipimo chako. Unavyokwenda unakonda, unakatika vipande, unaisha. Ukiona baada ya raundi nne au tano haukondi, ndipo utoe 1500 kwa mikato michache, halafu urudi 2000.

Na hapa tuseme wazi: uzi ukibaki hafifu, uache. Mafundi makini hawapendi kuondoa zaidi ya mikroni 8 hadi 10 kwa jumla, msasa na polishi pamoja. Kinga ya klia dhidi ya jua inapungua kadiri unavyoila, na kwa jua la Tabora klia iliyokondeshwa kupita kiasi huanza kufifia na kubanduka magamba baada ya muda. Mstari hafifu unaouona wewe peke yako ni afadhali kuliko baka linaloonwa na kila anayepita.

Ukibadili namba, badili na mwelekeo. Kama 2000 ulisugua kwa mlalo, 3000 sugua kwa mshazari. Mistari ya zamani ikionekana bado inakatiza ile mipya, hujamaliza. Kwa kipande cha raba laini kamua maji, uso ukauke, uangalie. Ukiwa umelowa hudanganya.

Polishi inafuata: mashine ya mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika, sponji au pedi ya sufu, na kompaundi (polishi nzito inayokata) kiasi cha punje nne au tano za maharage kwa eneo la sentimita 40 kwa 40. Mashine isisimame mahali pamoja. Weka kiganja kila baada ya muda: pakiwa na joto la kukufanya uondoe mkono, simama. Usikubali grainda ya kukatia chuma iliyofungwa sponji. Ile inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika na inaunguza klia kabla hujahesabu tano. Maliza na polishi laini, kisha nta.

Fanya asubuhi, bati likiwa baridi, na chini ya paa. Kivuli cha mwembe kinavutia, na Tabora miembe haikosekani, lakini mwembe unadondosha utomvu, maua na vumbi la majani, na vyote vitaishia kati ya msasa wako na mlango.

Nilipiga 1500 kisha 2000 kwa mkono, nikamalizia na polishi. Jioni boneti iling'aa kama kioo. Baada ya kuosha mara mbili, juani naona vistari vilivyojikunja kama nywele fupi. Vimetoka wapi?
*Msomaji wa Mwanga, Kigoma*

Vilikuwepo tangu siku ile. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mistari midogo, na jioni mwanga ni wa upole. Sabuni imeosha mafuta, jua limeonyesha ukweli.

Vistari vilivyojikunja ni alama ya punje iliyonaswa chini ya msasa na kuzungushwa. Tunahisi maji. Kama uliteka ziwani, hasa karibu na ufukwe, yanakuja na mchanga mwembamba usiouona kwenye ndoo. Yaache yatulie usiku kucha, teka ya juu, chuja kwa kitambaa kizito. Na baada ya kazi usiyaache maji ya Ziwa Tanganyika yakaukie kwenye boneti, yana madini na yanaacha madoa meupe.

Kosa la pili ni kuishia 2000. Alama za 2000 zinatoka kwa mashine, lakini kwa mkono ni jasho la siku nzima, na mwisho wake unazifunika badala ya kuzitoa. Anayepiga polishi kwa mkono asiishie chini ya 3000; akipata 5000, afadhali zaidi.

Kurekebisha: usirudi 1500. Loweka 3000, sugua taratibu mpaka vistari vipotee, kisha kompaundi. Kabla ya kupaka nta, futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ili kuondoa mafuta, halafu mulika kwa tochi ya simu ukiishika kwa mshazari. Boneti ikionekana safi hapo, na juani itakuwa safi. Boneti ikiwa imepigwa rangi karibuni, spiriti usiitumie.

Nina Hiace nyeupe. Nilipoanza kusugua, maji yakawa meupe kabisa. Nimetoboa klia?
*Msomaji wa Urambo*

Si lazima. Uji wa klia huwa mweupe hata kwenye gari jeusi, kwa hiyo kwenye gari jeupe maji hayakuambii kitu. Mwenye gari jekundu ana bahati: akiona wekundu ndooni anajua amefika pabaya, au gari lake halina klia.

Na lako huenda halina. Fungua boneti utafute kibati cha utambulisho, kwenye ukuta wa injini au kwenye nguzo ya mlango, usome palipoandikwa C/TR, yaani namba ya rangi na ya mapambo ya ndani. Ukikuta 040, hiyo ni nyeupe ya Toyota ambayo kwa kawaida hupigwa bila klia. Rangi na mng'ao viko kwenye tabaka moja. Kama gari limewahi kupigwa rangi upya, kibati hakikusaidii. Chukua kitambaa cheusi na polishi isiyo nyeupe, sugua sehemu ndogo iliyojificha. Kitambaa kikitoka na chaki nyeupe, hakuna klia.

Rangi ya namna hiyo inasamehe zaidi kwenye msasa, kwa kuwa hakuna mpaka wa kuvuka kati ya klia na rangi. Lakini ina mwisho wake. Ukiona baka la kijivu linaanza kuchungulia, hiyo ni praima, tabaka la msingi lililo chini ya rangi.

Mtu amepitisha ufunguo kwenye mlango mpaka bati linaonekana. Msasa wa maji utasaidia?
*Msomaji wa Ujiji*

Hautasaidia peke yake. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia, ni mikroni 100 hadi 150 hivi. Ukitaka kushusha mlango mpaka ufikie bati, utakuwa umebaki na mlango wa bati.

Hapa unajaza kwanza. Viringisha kipande kidogo cha msasa kwenye ncha ya kijiti cha meno, kwangua kutu ndani ya mkwaruzo tu, futa kwa spiriti. Tone la praima, likauke. Rangi kwa ncha ya kijiti au brashi nyembamba, tabaka mbili nyembamba. Kisha klia, tabaka tatu hadi tano, kila moja ikikauka kabla ya nyingine, mpaka kijazio kivimbe juu ya uso kwa unene wa unywele. Usimimine tabaka moja nene: juu inakauka, chini inabaki mbichi, na baada ya wiki inasinyaa na kukuachia bonde. Subiri siku saba.

Sasa ndipo msasa unaingia. Bandika tepu pande zote mbili za mstari, funga 2000 kwenye kipande kidogo cha raba ngumu, usugue kilima tu mpaka kifikie usawa wa tepu. Toa tepu, malizia kwa 3000, polishi. Hapa tatizo ni kilima, mlango hauna kosa, kwa hiyo usiutanue msasa nje.

Rangi ya fedha au yenye chembe za kung'aa haitafanana kabisa, kwa sababu chembe zilizopakwa kwa brashi hazilali kama zilizopulizwa. Hatua mbili nyuma hutaona, ukisogea utaona. Mkwaruzo ukiwa mrefu kuliko kiganja na gari unalijali, mlango upulizwe. Na anayepuliza klia ya kuchanganya na haidena (dawa ya kuigandisha) avae barakoa yenye kichujio cha mkaa. Kitambaa puani hakizuii mvuke ule.

Mafuta ya taa yanaondoa mikwaruzo?
*Msomaji wa Kasulu*

Yanaificha. Ni sawa na jaribio la maji tulilomwambia wa Isevya, ila mafuta yanachelewa kukauka. Dawa ya meno ni polishi dhaifu, inagusa vistari vya juu kabisa tu.

Je, taa za mbele zilizokuwa njano zinasuguliwa kwa njia hiyohiyo?
*Msomaji wa Nzega*

Msasa ni uleule, hesabu ni tofauti. Kwenye taa za plastiki unachotaka ni kuondoa tabaka la juu lililoungua kwa jua, lote, kwa hiyo unaanza chini: 800 au 1000, kisha 1500, 2000, 3000. Funika bodi yote inayozunguka taa kwa tepu mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu 800 ikiteleza kwenye fenda utatuandikia barua nyingine. Uji wa mwanzo utakuwa wa njano. Endelea na namba ya kwanza mpaka uwe mweupe, ndipo uhame. Plastiki haipitishi joto kama bati, hivyo kwenye polishi mashine iende polepole na mapumziko yawe mengi.

Wengi wanaishia hapo, taa zinang'aa, na baada ya miezi michache unjano umerudi, kwa kuwa kinga ya kiwandani waliisugua na hawakuweka nyingine. Siku hiyohiyo, taa zikiwa kavu na zimefutwa spiriti, puliza klia inayozuia miale ya jua, tabaka mbili nyembamba, gari likiwa ndani na vumbi limetulia.